Matope Hayasahau: Kupima Vilainishi vya Plastiki Mtoni

(Muziki wa kipindi, sekunde 10, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: 

Juzi, kwenye foleni ya maji, mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, nasikia plastiki inaingia kwenye maji. Mbona haya ni meupe, sioni kitu?" Nilimwahidi kumjibu leo.

Mama, kwa macho hutaiona. Plastiki ya PVC kwa asili ni ngumu. Ili iwe laini, kama mpira wa kumwagilia au ganda la waya wa umeme, kiwandani wanaichanganya na vilainishi. Vingi ni vya jamii ya ftaleti, na kinachojulikana sana kinaitwa DEHP. Hakikugandana na plastiki moja kwa moja; kinatoka polepole, mwaka hadi mwaka. Mvua inakipeleka mtaroni, mtaro unakipeleka mtoni. Na mto wetu Rwizi unapita mjini Mbarara kabla ya kushuka upande wa maziwa ya Mburo na Nakivale.

Katika majaribio ya wanyama, DEHP imedhuru viungo vya uzazi vya madume. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango: maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 8 kwa lita. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito kuliko hiyo!

(Mlio mfupi)

Sasa kitu kidogo hivyo kinapimwaje? Kwanza, usichote kwa chupa ya plastiki, maana utapima chupa badala ya mto. Wapimaji hutumia chupa ya kioo iliyosafishwa vizuri, na kijiko cha chuma kwa matope. Hubeba pia chupa nyingine yenye maji safi kabisa, wanaifungua palepale mtoni na kuipima kama zile nyingine. Ikionyesha DEHP, wanajua uchafu umetoka kwenye vifaa vyao au mikononi mwao. Maabara huchota vilainishi kwa kiyeyushi, kisha mashine inavitenganisha na kuvitambua kimoja kimoja.

Na kwa nini matope? Kwa sababu DEHP haipendi maji, ni kama mafuta. Inashika chembe za udongo na kuzama nazo. Huko chini hewa ni kidogo, inaoza polepole sana. Maji ya leo kesho yameshapita. Matope yanabaki na habari za miezi na miaka. Kwa hiyo mtu akikuambia mto ni safi, au mto una sumu, muulize: ulichota kwa chupa gani? Na matope uliyapima?

(Muziki kidogo)

Mama yule aliuliza tena: "Kama kuchemsha hakuondoi, niache kuchemsha?" Hapana, mama, usiache! Kipindupindu kinaua kwa siku moja; vilainishi ni jambo la miaka mingi. Chemsha, au tia dawa ya klorini kama ulivyofundishwa. Na bidoni lako la njano usilitupe. Plastiki yake ni ya aina nyingine, kwa kawaida haihitaji vilainishi. Ila lisiwe limewahi kubeba dawa ya shamba.

Vijana, hili ni lenu. Mnachoma nyaya kando ya maji mpate shaba ya kuuza. Najua njaa ipo, mimi pia naishi hapa. Lakini moshi ule mweusi unaingia kifuani mwenu, na ganda linalobaki linaenda majini. Lichubueni kwa kisu, mbali na maji, msilichome. Shaba ni ileile.

Na viongozi wa kamati za maji, wakija wapimaji, waombeni wachote na matope. Halafu warudi kutusomea majibu hapahapa, kwa lugha tunayoielewa.



(Muziki wa kufunga)