Pesa zinazotoka kwa jina letu zionekane hadi Luena

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Luena, jimbo la Haut-Lomami



Tumewaita kwa jambo moja. Shirika moja la kimataifa linatengeneza dashibodi ya pesa zake. Ni ukurasa wa intaneti wenye namba, ramani na rangi, wa kuonyesha pesa ngapi zimeingia Kongo, katika jimbo gani na kwa kazi gani. Wametuomba sisi vijana wa hapa tuwasaidie: tupige picha za miradi, tujaze fomu, kisha tuweke jina letu kama watu walioshiriki. Kabla ya kujibu ndiyo ao hapana, tumeona vizuri tuwaambie yale tuliyojifunza. Jina tutakaloweka pale siyo letu peke yetu. Ni jina la Luena.

Kwanza, dashibodi ni kitu gani? Dereva wa gari ya moshi ana sindano mbele yake: kasi, mafuta, joto la mashine. Hana wakati wa kusoma kitabu, anaangalia sindano na anajua afanye nini. Lakini sindano ikikwama, dereva ataamini ana mafuta kumbe tanki ni tupu. Dashibodi ya pesa ni vilevile. Ikisema kweli, inampa mwananchi nguvu ya kuuliza. Ikidanganya, inamfunga mdomo, juu ya kila mkubwa atasema: angalia, kwenye kompyuta ni kijani.

Sasa tuwaambie kosa letu wenyewe, msisikie kwa watu wengine.

Tulianza na daftari. Tuliandika miradi yote tuliyosikia inahusu eneo letu, kiasi cha pesa kilichotangazwa, na kile tunachoona kwa macho. Katika mradi mmoja wa maji tuliona kiasi kikubwa kimetangazwa na kazi ndogo imefanyika. Tukachukua kalkuleta, tukatoa, tukaandika kwenye kartoni sokoni: pesa hizi zimeliwa. Watu walikasirika. Na siku ile ile mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akatuita chini ya mwembe wake, akauliza: "Watoto, hiyo pesa mnayosema imeliwa, imeshatoka?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumehesabu pesa iliyoahidiwa kama vile tayari imefika. Tulipotafuta vizuri, tukakuta sehemu kubwa ilikuwa bado haijatolewa. Kulikuwa na la kuuliza juu ya ule mradi, ndiyo, lakini siyo lile tuliloandika. Tulirudi sokoni, tukatoa kartoni, tukaomba msamaha kwa sauti. Haya ilitushika, hatutaificha.

Tokea siku ile tunatenganisha namba tatu. Ya kwanza ni ahadi: pesa iliyokubaliwa kwenye karatasi. Ya pili ni iliyotoka: pesa iliyohama kutoka kwa mfadhili kwenda kwa mtekelezaji. Ya tatu ni iliyotumika: pesa iliyolipa mchanga, bomba, mshahara, mafuta. Na sisi tumeongeza ya nne, ambayo siyo pesa: kinachoonekana. Dashibodi inayochanganya hizi katika namba moja kubwa inatengeneza hasira ya bure ao furaha ya bure.

Tuchukue mfano unaopita mbele ya nyumba zetu. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 255 kwa mradi wa usafiri ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuinua SNCC na reli yake. Mwaka 2013 ikaongeza milioni 180. Kijana wa Luena akisikia, anajumlisha: milioni 435! Halafu anaangalia gari ya moshi inavyochelewa, anauliza ziko wapi. Swali lake ni la haki. Lakini namba ile ni ahadi. Pesa kama hizo hazifiki siku moja ndani ya gunia. Zinatoka kidogo kidogo kwa miaka, kadiri kazi inavyofanyika na karatasi zinavyokubaliwa. Na reli yetu ni ndefu: ilifika Bukama mwaka 1918, ikafika Ilebo mwaka 1928. Kwa hiyo swali lenye meno ni hili: ni kilometa zipi, kati ya stesheni gani na gani, kwa pesa ngapi zilizotoka, na nani alipokea kazi? Ukiuliza hivyo, hakuna anayeweza kukujibu kwa hotuba.

Kuna mtego mwingine: mwaka. Mwaka wa hesabu wa Benki ya Dunia unaanza tarehe 1 Julai na unaisha 30 Juni. Bajeti ya serikali yetu inaanza Januari na inaisha Desemba. Pesa iliyotoka Septemba 2024 iko katika mwaka 2025 kwa Benki, na katika mwaka 2024 kwa Kinshasa. Ukilinganisha karatasi mbili bila kujua hilo, utaona wizi mahali ambapo hakuna, na wezi wa kweli watakucheka.

Msifikiri kwamba hakuna aliyewaza haya mbele yetu. Mwaka 2008, huko Accra, wafadhili na serikali walianzisha mpango unaoitwa IATI, ili mashirika yote yaandike pesa zao kwa fomati moja: nani ametoa, nani amepokea, lini, kwa kazi gani. Ni kitu kizuri. Fomati ile ina hata nafasi ya kuandika mahali. Lakini si kila shirika linaijaza hadi kwenye kijiji. Pointi ikiwekwa Kamina, juu ya Kamina ni mji mkuu wa jimbo, Luena haionekani, Bukama haionekani, na mama anayebeba bidoni kichwani hana namna ya kujua kama yale maji ni yake.

Hapa Kongo pia kuna mfano. Kivu Kusini, katika mpango wa bajeti shirikishi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, watu waliitwa kwenye mikutano kwa ujumbe wa SMS, wakachagua kazi za kwanza za mtaa wao. Hawakungoja intaneti kali. Simu ndogo ya tochi ilitosha. Basi msituambie kwamba watu wa kijijini hawawezi kufuata hesabu.

Na kuna fundisho la mwisho. Mwanzo wa Februari 2025 tovuti ya USAID ilizimwa. Watu waliozoea kusoma habari za miradi pale walikuta mlango umefungwa. Dashibodi ikikaa kwa mwenyewe peke yake, mwenyewe anaweza kuizima asubuhi moja. Ndiyo maana tunaweka nakala, hata za karatasi.

Kwa hiyo jibu letu kwa shirika lililotuomba ni hili. Tutasaidia, kwa masharti matano:

1. Ahadi, iliyotoka na iliyotumika zionyeshwe mbalimbali, kila moja na tarehe yake, kwa dola na kwa franga.

2. Kila mradi uwe na jina la mahali penyewe, siyo jimbo tu, na jina la mtekelezaji aliyepokea pesa.

3. Kuwe na nafasi ya kinachoonekana, inayojazwa na wakaaji. Tukisema pampu haina mkono, isibaki kijani. Na mtekelezaji apewe nafasi ya kujibu pembeni, maana sisi pia tunaweza kukosea, mmeona.

4. Ukurasa uwe mwepesi, usile mega zote za mwanafunzi. Uandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili, na muhtasari wake ubandikwe kwa karatasi stesheni, sokoni na kwenye milango ya makanisa, Kiluba kikiwemo.

5. Namba ziweze kuchukuliwa na kuwekwa nakala na mtu yeyote, bila kuomba ruhusa.

Wakikataa, picha zetu hawapati na jina letu hawaweki. Tunajua wengine kati yenu mtasema: vijana, kuna posho ndani yake, msiharibu. Tumeifikiria. Hatuna kazi, na njaa haina aibu. Lakini tukikubali posho ili tutie sahihi chini ya namba tusizoziamini, kesho tutasimama mbele ya nani kudai haki?

Katiba yetu, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Hatuombi zawadi. Pesa hizi zinaombwa kwa jina la umaskini wetu, na zile za mkopo zitalipwa na watoto wetu.

Basi tunawaachia kazi. Wiki hii kila mtaa uchague watu wawili, mmoja awe binti. Waje na daftari, kalamu, na macho. Tutazunguka visima, masomo na vituo vya afya, tuandike kilichopo bila kuongeza, bila kupunguza, bila kutukana mtu. Jumapili, baada ya ibada, tutasoma yote hapa hapa mbele yenu, na ninyi mtatukosoa kabla namba haijatoka Luena.

Mzee wetu wa reli amekubali kukaa pale mbele. Ameahidi kutuuliza tena swali lake.