Muuguzi Mpya na Wodi Yake ya Kwanza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Huenda mtu akauliza, karani ana nini na mambo ya wauguzi? Jawabu ni hili: mimi ni karani wa masjala katika hospitali, na barua za wauguzi, za kuripoti kazini na za kuomba uhamisho, hupita mikononi mwangu kila juma. Tena wengi wenu mna watoto, wadogo au wapwa waliomaliza vyuo vya uuguzi, nao huwajia kuuliza, "Nianzie wapi?" Neno mtakalowajibu lina uzito. Wodi ya kwanza yaweza kumjenga muuguzi au kumvunja, na akivunjika, mgonjwa ndiye alipaye.

Kwanza na tumtazame kijana mwenyewe. Hapa Tanzania mwenye stashahada amesoma miaka 3; mwenye shahada amesoma miaka 4, kisha akatumikia mwaka 1 wa utarajali. Chuoni amepita wodi nyingi, lakini amezipita kama mgeni, maana sikuzote alikuwapo mkubwa wa kujibu. Siku apewayo leseni na kuandikwa katika orodha ya zamu, mwenye kujibu ni yeye.

Wako wazee wasemao, "Mchagua jembe si mkulima, aende popote atakapopelekwa." Mithali hii ni njema kwa mvivu, wala siikatai. Ni kweli pia kwamba aajiriwaye na serikali hupangiwa kituo. Lakini hata aliyepangiwa hospitali aweza kumwomba Metroni ampe wodi fulani, na wengi hupewa wakiomba kwa adabu na kwa sababu. Basi yampasa kujua aombe nini.

Katika barua nizionazo, sababu za kuchagua huwa tatu. Ya kwanza ni jina: chumba cha wagonjwa mahututi, au idara ya dharura, ambayo vijana wameipenda sana tangu Muhimbili ilipofungua ya kwake mwaka 2010. Ya pili ni fedha, pamoja na tumaini la kwenda ng'ambo. Ya tatu ni kukimbia zamu za usiku. Hakuna dhambi katika haya, kwani muuguzi naye ana kodi ya nyumba na wazazi wa kutunza. Ila hakuna hata moja kati yake limwambialo kama atajifunza kazi.

Na tuzipitie wodi zenyewe kwa ufupi.

Wodi ya wazazi hufundisha kutenda upesi. Wakati wa uchungu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni husikilizwa kila nusu saa. Mtoto azaliwaye bila kupumua yafaa asaidiwe kabla dakika 1 haijapita. Mama akimwaga damu zaidi ya mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, yu hatarini, na damu isiposimama aweza kufa katika saa chache.

Wodi ya watoto hufundisha hesabu. Dawa hupimwa kwa uzito: mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa miligramu 15 kwa kila kilo hupata miligramu 150. Sisi makarani tukikosea tarakimu moja, twapiga mstari, twatia sahihi, na mkaguzi hutukaripia. Muuguzi akiongeza sifuri moja, dawa imekwisha kuingia mwilini mara kumi.

Wodi ya upasuaji hufundisha kidonda, maumivu, na kumlinda mtu ambaye usingizi wa dawa haujamtoka. Wodi ya magonjwa ya ndani haina sifa mtaani, lakini humo mna shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu, moyo na figo, na kila mgonjwa ana dawa nyingi. Humo macho hufunzwa kumtambua ageukaye vibaya kabla hajaanguka.

Iliyo bora ni ipi? Bwana Mwenyekiti, mimi naona jina la wodi si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni kama wodi ile ina mtu wa kumfundisha mgeni. Wodi ya sifa isiyo na mwalimu ni mbaya kuliko wodi ya kawaida yenye muuguzi mzee mwenye subira.

Kijana atamjuaje mwalimu huyo kabla ya kuingia? Hapo ndipo karani ana neno la kusema, maana karatasi za wodi husema ukweli. Mtu mzima aliyetulia hupumua kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika, na idadi hiyo ikipanda mara nyingi ni onyo litanguliao hatari. Basi, kijana akiwa bado katika mafunzo, na atazame chati za wodi aitamaniyo. Akiona wagonjwa wote wameandikwa kupumua mara 20, asubuhi na jioni, jana na leo, ajue kwamba hapo hapana ahesabuye. Na asiyehesabu hawezi kumfundisha mwingine kuhesabu. Atazame pia daftari la makabidhiano, kama laeleza hali ya mgonjwa au lina neno "salama" tu. Mwisho atazame orodha ya zamu, kama mgeni huwekwa usiku pamoja na mwenyeji, au huachwa peke yake katika juma lake la kwanza.

Jambo la pili ni muda. Mwaka 1984 Bibi Patricia Benner wa Marekani alitoa kitabu juu ya hatua tano za muuguzi, toka mwanafunzi hata bingwa. Alisema kwamba hatua ya tatu, ya mtu awezaye kazi yake, hufikiwa na aliyekaa katika kazi ya namna moja miaka 2 au 3. Na kwamba hata bingwa akihamia mahali asipopajua, hurudi kuwa kama mwanafunzi. Aombaye uhamisho kila miezi 6, basi, huwa mwanafunzi daima, ingawa cheti chake chazeeka.

Nikiulizwa na mdogo wangu, nitamwambia hivi. Kama hana wito uliokwisha kuonekana, aanze katika wodi ya wazazi au ya magonjwa ya ndani, akae miaka 2. Sababu yangu ni zahanati. Wengi wao siku moja watapelekwa kijijini, ambako usiku huenda muuguzi akawa peke yake, na mlango ukigongwa hatachagua ni ugonjwa gani ulioubisha. Mashine alizozizoea katika chumba cha mahututi hazitakuwapo; mikono yake na macho yake vitakuwapo.

Lakini mwenye wito wa kweli asizuiliwe. Kijana apendaye kuwauguza wenye maradhi ya akili, kazi ambayo watu huikimbia kwa hofu tu, na aende moja kwa moja, mradi ana mwalimu. Kadhalika apendaye chumba cha upasuaji, ambako vitambaa na vyombo huhesabiwa kabla ya kuanza na kabla ya kufunga jeraha.

Nasi wazazi na ndugu tuna wajibu. Tusimsukume kijana kwa ajili ya posho, wala tusimcheke akisema yuko wodi isiyo na sifa. Mwaka wa kwanza tusimtwike ada za wadogo zake wote, asije akashika zamu za ziada hata akasinzia penye mgonjwa. Akirudi nyumbani amenyamaza kwa sababu amefiwa na mgonjwa wake wa kwanza, tumpe chai na nafasi ya kusema, tusimwambie kwamba atazoea.