Kumpima Mtoto Si Kumhukumu

Mada iliyotolewa katika semina ya walimu wa chekechea na walezi wa watoto wadogo



Naanza kwa kukiri kosa langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, darasani mwangu alikuwamo mtoto wa miaka saba ambaye nikimwita haitiki. Nilimwita mkaidi, na mara kadhaa nilimwadhibu. Siku moja mama yake alikuja shuleni, akanieleza kwa upole kwamba mwanawe tangu ana miezi minane hakuwa akishtuka mlango ukibamizwa. Mtoto hakuwa mkaidi, hakuwa akisikia. Mama alilijua jambo hilo kwa miaka sita, wala hakuna aliyemwuliza. Wahenga walisema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, lakini sikuwa nimefundishwa kumsikiliza mzazi.

Ndiyo maana leo naomba tutafakari namna tunavyowaandaa wale wanaowahudumia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Hili ni jambo la haki, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kufika barazani kujitetea.

1. Kupima ni kutazama

Tukisikia neno kupima, wengi wetu twafikiria mtihani. Mtoto wa mwaka mmoja hafanyiwi mtihani. Hutazamwa anapocheza, anapokula na anapopakatwa na mama yake. Yafaa mwalimu afundishwe kutazama mwendo wa mwili, kazi ya mikono, kuona na kusikia, lugha, na jinsi mtoto anavyohusiana na watu. Kisha aandike alichokiona, si alichokidhani. Kuandika kwamba mtoto "hageuki aitwapo" ni kutoa ushahidi. Kuandika kwamba "ni mjinga" ni kutoa hukumu.

Tena ajue kwamba watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Karibu wote walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18, na yapata 4 katika kila 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Mwalimu anayejua hayo hatamtia hofu mama ambaye mwanawe ana miezi 13 na bado hajatembea. Wala hatamwambia mama wa mtoto wa miaka miwili asiyetembea, "Ngoja tu, atatembea."

2. Kipimo kilingane na maisha ya mtoto

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza kipimo cha mwendo wa mwili na ustadi wa mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Kazi hiyo yatufundisha kwamba vipimo vyaweza kuandaliwa hapa hapa kwetu. Si haki kumpa mtoto kifaa ambacho hajapata kukiona, kisha kusema kwamba hana akili.

3. Familia ni mwenzetu

Mafunzo ya ualimu yamfikishe mwalimu nyumbani kwa mtoto. Aketi mkekani, na kabla ya kutoa shauri lolote aulize: "Mwanao hupenda nini? Ni jambo gani linalokupa wasiwasi?" Amweleze baba kwamba kuzungumza na mtoto mchanga si kazi ya wanawake peke yao. Aondoe maneno ya laana na uchawi yanayomfanya mzazi amfiche mtoto mwenye ulemavu.

Kisha ajue mahali pa kumpeleka mtoto: zahanati, au vituo vya upimaji wa kielimu ambavyo Kenya ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Kupima bila kusaidia ni kumwonyesha mtu jeraha lake na kumnyima dawa.

4. Wajibu wetu wa kudai

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Basi tuna haki ya kuuliza: je, walezi wa vituo hivyo wanafundishwa? Mlezi mwenye watoto ishirini katika chumba kimoja, kwa ujira usiomtosha, hawezi kumtazama kila mmoja wao. Haki ya mtoto haitenganishwi na haki ya anayemlea.

Kabla ya kuingia katika vikundi, nawaachia maswali matatu:

– Ni mtoto gani katika kijiji chetu aliyepewa jina baya kabla ya kutazamwa?
– Ni lini mara ya mwisho tulimwuliza mzazi kabla ya kumshauri?
– Tutapeleka ombi gani kwa kaunti yetu, na nani atalifuatilia?

Mwanafunzi wangu yule alianza kujifunza lugha ya ishara akiwa na miaka minane. Miaka aliyoipoteza siwezi kumrudishia. Nawaombeni mtoto mwingine asiipoteze mikononi mwetu.