Kazi za Umma Zamani za Dhiki

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za kazi za umma katika miaka ya dhiki kuu ya biashara iliyoanza mwaka 1929, na alama zilizoachwa na kazi hizo katika ardhi ya watu wote.

Dhiki ile haikuchagua nchi. Hapa Tanganyika bei ya katani ilianguka kwa zaidi ya nusu kati ya 1929 na 1932, na vibarua wengi wakakosa kazi mashambani. Lakini kodi ya nyumba na ya kichwa haikungoja. Sheria iliruhusu asiye na shilingi alipe kwa nguvu zake. Ndipo wengi wakaenda kutengeneza barabara na kufanya kazi nyingine za serikali, nao hawakurudi kwao na senti, ila cheti cha kodi tu.

Marekani walifuata njia nyingine. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliunda kikosi cha vijana wasio na kazi, washike majembe na mashoka. Kila kijana alipewa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo kwa kawaida dola 25 zilipelekwa kwa jamaa zake. Hata kazi ilipokoma mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita katika makambi yale. Walipanda miti ipatayo bilioni 3, wakazuia mmomonyoko wa udongo, wakapasua njia na kujenga mabanda katika mamia ya bustani za umma. Walakini haki haikutimia, maana vijana weusi wengi walitengwa katika makambi yao peke yao.

Utengano huo twaujua. Hapa kwetu serikali ya kikoloni iliacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Wahindi na Wazungu wa upande wa bandari. Lakini katika miaka ya 1950 watu walikusanyika papo hapo katika mikutano ya TANU, na mahali pa kutenganisha pakawa mahali pa kukutana.

Basi, twajifunza mambo mawili. Kwanza, nguvu za mtu ni mali yake. Anayezitumia kwa faida ya wote hana budi kumlipa. Pili, ardhi ya umma yataka walinzi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uwanja usiojulikana mipaka yake huliwa kipande kwa kipande, leo kibanda, kesho ukuta. Kwa hiyo twawasihi, ulizeni katika ofisi ya serikali ya mtaa wenu: viwanja vyetu vya wazi ni vipi, na mipaka yake ni ipi? Kisha wafundisheni watoto majibu yake.