Maradhi ya Usukani wa Gari
(Mazungumzo kwa madereva na wenye magari wa Mitaboni, Machakos)



Hakuna mwenye shamba katika vilima vya Machakos asiyejua kazi ya matuta. Mkulima akiona tuta limefanya ufa mdogo, hulitengeneza kwa jembe kabla ya mvua. Akingoja, maji hupita papo hapo, na ufa ule huwa korongo. Usukani wa gari nao una desturi hiyo. Ni mara chache kuharibika kwa ghafula. Kwanza hutoa dalili, na dereva azijuaye huokoa roho za watu, na fedha za mwenye gari pia.

Jambo hili lina uzito zaidi upande wa Kathiani na Mitaboni, kwa kuwa barabara za huko hupanda na kushuka katika nchi ya milima. Penye uwanda, gari lililopotea njia huenda likaishia nyasini. Penye mteremko, upande mmoja ni ukingo na upande wa pili ni bonde, na ndani ya matatu moja wamo abiria 14 wasioweza kufanya lo lote.

Maradhi ya usukani ni manne: uzito, kuvuta upande mmoja, kutetemeka, na kulegea. Watu wengi wakiona mojawapo hufikiri mara moja kununua vyombo vipya. Yafaa waanze kwenye magurudumu, maana kuyatazama hakugharimu hata senti moja.

Usukani ukiwa mzito pande zote mbili, kwanza upimwe upepo wa matairi ya mbele. Tairi lenye upepo mdogo huburuta ardhi. Ikiwa upepo unatosha, na gari ni la namna ile ya kusaidiwa na mafuta, basi yatazamwe mafuta ya usukani, na mkanda uzungushao pampu yake. Mkanda uliolegea hulia wakati wa kukata kona. Mafuta yakipungua kila mara, yako mahali yanapovuja. Kuyaongeza tu si matengenezo. Katika malori ya zamani, uzito huenda ukawa ni ukosefu wa girisi.

Gari likivuta upande mmoja, upepo wa tairi la kushoto ulinganishwe na ule wa kulia. Kisha, baada ya mwendo mfupi, mkono usogezwe karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu iliyo moto kuliko mwenzake huonyesha kwamba breki yake imekwama. Tairi likiwa limelika ukingo mmoja tu, magurudumu hayakulingana, na fundi mwenye vipimo ndiye atakayeyanyosha. Tairi lililolika kingo zote mbili limekuwa likitembezwa bila upepo wa kutosha.

Kutetemeka kwa mwendo wa kasi mara nyingi hutokana na gurudumu lisilo na mizani, rimu iliyopinda, au tope lililokauka ndani ya rimu baada ya mvua. Lakini nati za gurudumu zikazwe kabla ya jambo jingine lo lote, kwa maana nati zilizolegea hutetemesha vile vile, na mwisho wake ni gurudumu kutoka.

Sasa kulegea, ambako ndiko kubaya kupita yote. Dereva huzungusha usukani kidogo, na magurudumu hayajibu. Huzoea siku kwa siku, hata huona kuwa ndiyo tabia ya gari lake. Kipimo chake ni rahisi, na huhitaji watu wawili. Gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Mmoja akae kwenye usukani, autikise kidogo kushoto na kulia. Mwenziwe atazame viungo vya chini kutoka kando, pasipo kuingia chini ya gari. Kiungo ambacho upande wake mmoja hucheza na wa pili umetulia, hicho ndicho kilichokwisha.

Kisha gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, na gari liwekewe egemeo imara, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa. Gurudumu likishikwa kushoto na kulia likacheza, mara nyingi ubovu uko kwenye tairodi. Likicheza linaposhikwa juu na chini, zitazamwe beringi na boljointi. Kiungo kilicholika hakifungwi kwa waya wala hakichomelewi. Hubadilishwa kwa kingine, na nati yake itiwe pini mpya ya kuizuia. Baada ya hapo magurudumu yapimwe tena, na gari lijaribiwe polepole bila abiria.

Kuna ugonjwa mmoja ambao si wa chuma bali wa dereva mwenyewe. Wako wanaozima injini penye mteremko ili kuokoa petroli. Injini ikizimwa, msaada wa usukani hukoma, nao huwa mzito mara moja. Breki nazo, baada ya kukanyagwa mara chache, hupoteza msaada wake. Ufunguo ukichomolewa, katika magari mengi usukani hujifunga kabisa. Petroli iliyookolewa hapo haijai kikombe, na hasara yake haina kipimo. Gari literemke injini ikiwaka, katika gia ndogo.

Mwisho ni juu ya wenye magari. Dereva akileta habari kwamba usukani umelegea, asiambiwe amalize kwanza safari za siku ya soko. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari liwe zima ndipo liingie barabarani, na bei ya kiungo kimoja ni ndogo mbele ya bei ya gari, sembuse roho ya mtu. Abiria naye, akimwona dereva anazungusha usukani huku na huku ili gari liende moja kwa moja tu, ana haki ya kuomba kushuka. Dalili ya mvua ni mawingu.