Punda Akitupa Mimba, Tuangalie Damu Yake



Leo tuongee juu ya punda jike. Huko Mwea anavuta mkokoteni wa mpunga, Lamu anabeba mawe na mchanga, na sehemu za ukame ndiye anayetuletea maji. Lakini akitupa mimba tunasema tu, "Ni mzigo mzito," ama tunamlaumu kijana aliyemchapa. Pengine ni kweli. Lakini pengine chanzo ni vidudu vya damu, ambavyo macho hayawezi kuviona.

Hasara yake si ndogo. Punda hubeba mimba kama mwaka mmoja, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mimba ikitoka, mwaka mzima umekwenda bure. Na punda wamepungua Kenya: sensa ya 2009 ilihesabu karibu milioni 1.8, ile ya 2019 karibu milioni 1.2.

Vidudu hivi ni vya namna mbili. Vya kwanza huletwa na kupe, hasa yule mwenye miguu myekundu anayejificha chini ya mkia. Wale wadogo hukaa ndani ya masikio. Vidudu huvunja chembe nyekundu za damu. Punda akipata nafuu, msidhani vimekwisha. Anaweza kukaa navyo miaka mingi akionekana mzima, halafu vikamfikia mtoto tumboni. Hapo mimba hutoka, ama mtoto huzaliwa mfu, ama huzaliwa mnyonge, macho ya manjano, hawezi kunyonya.

Vya pili huletwa na mbung'o. Huo ndio ugonjwa wa nagana. Homa huja na kuondoka, mnyama hukonda ingawa anakula, ufizi huwa mweupe, na jike mwenye mimba anaweza kuitupa.

Sasa mtaniuliza, "Tufanye nini?"

Kwanza, mkague punda kila wiki: masikioni, chini ya mkia, katikati ya miguu. Mkiona kupe, muulizeni afisa wa mifugo dawa inayofaa na kipimo chake.

Pili, mimba ikitoka msiguse kitu kwa mikono mitupu. Vaeni glavu ama mifuko ya plastiki, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya kutupa mimba yanayoambukiza watu. Msiwaachie mbwa. Mwiteni daktari wa mifugo aone, kisha mfukie shimo refu.

Tatu, ombeni damu ipimwe. Tone moja tu juu ya kioo, chini ya darubini, linaweza kuonyesha vidudu. Likikosa kuonyesha, daktari ataamua kama kuna haja ya kupima zaidi.

Nne, msimdunge punda sindano ya ng'ombe kwa kukisia. Kuna dawa ambayo ng'ombe huivumilia lakini humdhuru punda.

Najua mtasema daktari ni ghali. Kwa mtu mmoja, ndiyo. Lakini kikundi kikichanga, daktari akija mara moja anaweza kupima punda wa wanachama wote. Wekeni pia daftari: jike gani alipandwa lini, alizaa ama alitupa. Likionyesha majike wawili au watatu wametupa mimba msimu mmoja, jueni hilo si jambo la mzigo peke yake. Itaneni, mwite daktari.

 Sasa ulizeni maswali.