Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaielewa methali hii bila kufafanuliwa. Leo tuitazame kwa mali iliyo kubwa kuliko duka lolote, yaani Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,000. Daftari lake liliandikwa kwa miaka mingi katika mji wa Jinja, Uganda.

Mwaka 1927 na 1928, Mwingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi ziwani humo, kwa sababu ngege walikuwa wameanza kuadimika. Alishauri nyavu zenye matundu yasiyofika inchi 5 zipigwe marufuku. Alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake, pasipo utafiti wa kina, ni hatari kubwa. Hatimaye, mwaka 1947, shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja, pale Mto Nile unapoliaga ziwa.

Kazi ya shirika hilo haikuwa kuhesabu samaki tu. Wataalamu walitaka kujua ziwa lenyewe linaishi vipi: samaki gani anakula nini, anazaa wapi, maji ya kilindini yana oksijeni kiasi gani, na vile vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo msingi wa chakula chote ziwani, vinaota kwa kasi gani. Mwaka 1960 na 1961 Jack Talling alikusanya vipimo vya namna hiyo.

Mwaka 1960 pia, Geoffrey Fryer, mtafiti aliyefanya kazi Jinja, aliandika kupinga mpango wa kupandikiza sangara. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Sangara hageuzi majani kuwa nyama. Anageuza samaki kuwa samaki, na katika kugeuza huko sehemu kubwa ya chakula hupotea. Hakusikilizwa. Sangara walikuwa wamekwisha kuingizwa kimya kimya katika miaka ya 1950, na mwaka 1962 na 1963 wakapandikizwa rasmi.

Ilipofika miaka ya 1980 sangara walikuwa wamelijaza ziwa. Furu, waliokuwa wa aina zinazokadiriwa kufikia 500, walitoweka kwa wingi. Huenda aina 200 hivi hazipo tena. Hata hivyo, tuseme kweli. Sangara alileta viwanda vya minofu, fedha za kigeni na ajira kwa maelfu ya watu. Anayedai kwamba ni hasara tupu akawaulize watu wa Mwanza na Kisumu. Lakini faida na hasara hupimwa pale tu penye hesabu ya mwanzo.

Na hapo ndipo daftari la Jinja lilipoonyesha thamani yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walilipima tena ziwa na kulinganisha na takwimu za Talling. Walikuta uzalishaji wa vile vimea vidogo umeongezeka karibu mara mbili, na maji ya kilindini yanakosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi wa mwaka. Pasipo takwimu zile, kila mmoja angeweza kudai kwamba ziwa lilikuwa hivyo tangu enzi za babu zetu, na nani angembishia?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, daftari hilo lilichanwa vipande vitatu. Kituo cha Jinja kilibaki cha Uganda, Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979, na Tanzania ikaunda TAFIRI mwaka 1980. Samaki, ambaye hana pasipoti, aliendelea kuvuka mipaka. Ni mwaka 1994 ndipo nchi hizi tatu zilipotia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, na makao yake yakawekwa huko huko Jinja.

Ndugu wasikilizaji, kupima maji mwezi hadi mwezi si kazi ya kukatiwa utepe. Haipigiwi makofi, na ni rahisi kuinyima mafuta ya boti bajeti inapobana. Lakini mwezi usiopimwa haurudi, wala hakuna mfadhili awezaye kuununua baadaye. Sisi wa mijini tunaonunua dagaa na sato sokoni tuna haki ya kuwauliza wenye mamlaka: mwaka huu daftari limeandikwa?